Jinsi ya kupiga picha za mawe kwa karibu kabisa: shughulikia taa kwanza, lenzi itafuata

Mvua ikishanyesha hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, fuata mfereji wowote unaoshuka kutoka upande wa vilima vya Sukulu, angalia chini, utaona mchanga mweusi umejipanga mistari mistari pale maji yalipopunguza mwendo. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge ndani ya kavera, ule mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya huo mchanga, zile chembe nyeusi zinaruka zenyewe zinajibandika. Hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma, na ukiiangalia kwa macho matupu ni uchafu mweusi tu basi. Mimi nilikaa nayo karibu mwaka ndani ya kikopo cha vaselini kabla sijapata picha yake ya kwanza ya maana, na usiku ule chembe moja ambayo haifiki milimita 1 ilipojaa kwenye skrini, pembetatu zake zimenyooka kabisa, piramidi mbili zimeunganishwa chini kwa chini, jumla pande 8, nilimwita mke wangu akaacha sufuria jikoni akaja kuangalia. Tulikaa pale tunaiangalia mpaka ugali ukaanza kunuka.

Watu wakiona hizo picha wananiuliza unatumia lenzi gani, na mimi nawaambia niulizeni taa iko wapi. Manake jiwe lina nyuso ndogo ndogo bapa zinazorudisha mwanga kama vioo, na kila kioo kinaangalia upande wake, sasa ukisogeza taa kidogo tu hiki kinawaka kile kinazima. Nimeona mtu ana lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya bei ya pikipiki na picha zake za mawe zimekufa, alafu kijana wa sekondari ana simu na kalenzi ka kubana na picha zake ukiziona unataka kuligusa lile jiwe. Tofauti yao ni taa na uvumilivu. Kwa hiyo vifaa ntavisema kwa ufupi, kwenye taa ndo tutakaa.

Vifaa

Kama una simu tu, anza na simu. Nunua kalenzi ka makro ka kubana kwa wauza vifaa vya simu, chagua kenye kioo halisi sio plastiki, na ukajaribu palepale dukani juu ya noti, maandishi madogo ya katikati yawe makali na ya pembeni yasivutike sana. Ile kamera ndogo iliyoandikwa makro kwenye simu nyingi za bei ya chini achana nayo, nyingi zina pikseli milioni 2 tu, wewe bana kalenzi juu ya kamera kubwa. Panga matofali rundo mbili, laza simu juu yake kamera iangalie chini, jiwe liwe katikati chini. Usiguse skrini kupiga, chomeka earfoni za waya zenye kitufe cha sauti, kwenye simu nyingi kile kitufe kinapiga picha, au weka taima ya sekunde 2.

Kama una kamera ya kubadilisha lenzi, hata ya zamani, ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo inatosha, ila unaigeuza, mbele iwe nyuma. Kuna ringi maalum ya kugeuzia, ni ya bei nafuu, na ukiikosa chukua kifuniko cha kamera, kile cha plastiki kinachoziba tundu la mbele, kitoboe katikati, gundisha ringi ya filta ya zamani iliyovunjika kioo, hapo umemaliza. Lenzi ikigeuzwa mambo yanakuwa kinyume, 18 inakuza kuliko 55. Na jiwe litakaa karibu sana na lenzi, kama sentimita 4 hadi 5, kwa hiyo usisukume haraka ukakwaruza. Shida moja, lenzi iliyogeuzwa haiongei na kamera, tundu lake la ndani linalopitisha mwanga linabaki wazi kabisa au linajifunga kabisa kutegemea aina. Ukipata lenzi kuukuu ya milimita 50 yenye ringi ya kuzungusha tundu kwa mkono, ichukue, kwa kazi hii inashinda mpya nyingi. Kwa Canon kuna njia: lenzi ikiwa bado imekaa kawaida weka f/8, hiyo ni namba ya tundu, ikipanda tundu linakuwa dogo, bonyeza kile kitufe cha kuangalia kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu iliyo kali kwenye picha, na ukiwa bado umekibonyeza itoe lenzi, tundu linabaki pale pale ulipoliweka.

Jambo moja ulifanye siku ya kwanza: piga picha ya rula. Hesabu ni milimita ngapi zimeingia kwa upana. Kama kamera yako ina sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, ya upana wa milimita 22 na rula inaonyesha milimita 22, uko 1:1, kitu ni kikubwa kwenye sensa sawa na kilivyo mkononi, hapo ndo makro inapoanzia. Kama zimeingia milimita 11, umekuza mara 2. Ziandike hizo namba kwenye karatasi ubandike ukutani, utazihitaji baadaye kwenye kusogeza na kwenye kuandika maelezo ya picha.

Meza isitikisike. Mimi nakaa karibu na barabara ya Malaba na malori hayalali, kila moja likipita picha inatetemeka hata kama huioni kwa macho, nilihangaika sana kabla sijajua sababu. Sasa napigia chini kwenye sakafu ya sementi, sio mezani, na nikisikia lori nasubiri lipite.

Mawe yenyewe na kuyasafisha

Uganda hatuna shida ya mawe. Ukiwa Kampala nenda kwenye lundo lolote la kokoto za ujenzi, au kule Kireka na Mukono wanakoponda mawe, uangalie vipande vilivyovunjika leo: ile nyeupe ya kioo ni kwatzi, ile ya pinki au nyeupe ya maziwa yenye sura bapa ni feldspa, na ile inayometameta kama magamba ya samaki ni ulanga. Wasalimie wanaoponda, waambie unachotafuta, na uwalipe, manake muda wao ni pesa na wao ndo wenye macho. Mama mmoja mponda kokoto alinishikia mkononi kipande chenye ulanga mweusi umekaa kurasa kurasa kama kitabu, akaniambia hivi vinavyong'aa watoto wake wanavichezea. Kile kipande mpaka leo ninacho. Vaa miwani ukikaa karibu nao, vipande vinaruka, na usisimame kwenye vumbi, vumbi la kwatzi likirundikana kifuani linaharibu mapafu.

Huku kwetu Tororo lile jabali unaloliona kutoka mbali ni kabonataiti, mwamba uliotokana na volkano ya zamani sana lakini umejaa kalsiti kama chokaa, ndo maana sementi ilianzia hapa. Sukulu kuna apataiti, ile yenye fosfeti ya mbolea, pamoja na hiyo magnetaiti niliyoisema. Moroto kuna marumaru ya chembe kubwa, ukiivunja kila chembe inapasuka kwa pande zilezile tatu, sura ya boksi lililosukumwa upande. Kilembe kule Kasese ni shaba, iko ndani ya kalkopairaiti ya njano, pamoja na piraiti, na pale mvua na hewa vilipofanya kazi kwa miaka unakuta malakaiti ya kijani. Bunyaruguru na Katunga kuna mawe ya volkano ambayo mjiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliyaeleza, na dunia nzima inayaita kwa majina yetu, katungaiti, mafuraiti, ugandaiti, ndani yake kuna olivini ya kijani ya chupa, nzuri mno kwa picha. Alafu kuna chumvi ya Katwe, ile ya Kasese, hiyo ntairudia.

Lakini usiende kuchukua tu. Kikatiba madini ni ya serikali kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Madini ya 2022 inataka leseni kwa anayechimba na kuuza. Ndani ya hifadhi za wanyama usiokote hata kokoto. Kwenye shamba la mtu omba. Mashimo ya zamani ya uchimbaji usiingie, kuta zinaporomoka na maji yake yana vitu vibaya, kilichotupwa nje mlangoni kinatosha kabisa kwa mpiga picha, sisi tunatafuta kitu cha milimita 5. Ukitaka kujua jina la jiwe lako, idara ya jiolojia na madini iko Entebbe, kazi hiyo ilianza tangu 1919.

Kusafisha ndo watu wanaharibu mawe mazuri. Kwatzi na ganeti na magnetaiti osha kwa maji, mswaki laini na sabuni kidogo, suuza na maji safi yasiyo na chumvi, anika kivulini. Kalsiti na malakaiti usiweke siki wala ndimu, zinatoa povu na uso wote unalika. Piraiti isilale na unyevu, ioshe haraka uikaushe haraka, ikioza inatoa tindikali inayokula hadi karatasi ya lebo. Ulanga usisugue, puliza tu. Na chumvi, usiiweke kwenye maji kabisa. Mimi cha kwanza nilichotoka nacho Katwe, mche mzuri wa fuwele wenye ngazi ngazi kila upande, nilikiweka chini ya bomba sekunde chache tu kutoa tope, kilipotoka pembe zote zilikuwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika. Nilisikitika wiki nzima. Chumvi unaifagia kwa brashi ya rangi ya watoto, kavu.

Hata jiwe safi kwa macho lina vumbi. Kabla ya kupiga, pitisha ile pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, usipulize kwa mdomo, mate madogo madogo yanaonekana kwenye picha kama matone ya mvua. Uzi mmoja wa pamba kutoka kwenye shati lako kwenye picha ya kukuza mara 3 ni kamba ya ng'ombe. Utoe kwa sindano.

Kulisimamisha, tumia ile plastisini ya watoto wa nasari, kidogo sana, nyuma isionekane. Chembe ndogo kama ya magnetaiti ichomeke kwenye ncha ya kijiti cha meno chenye gundi nyeupe ya shule, hiyo gundi ikilowa inatoka bila kuharibu.

Taa

Sasa hapa tulia.

Jua la mchana Uganda ni kali na liko juu kichwani, ukiweka jiwe nje saa sita unapata doa jeupe moja lililoungua na vivuli vyeusi, katikati hakuna kitu. Flashi ya simu ndo mbaya zaidi, inapiga usoni moja kwa moja. Kivulini chini ya baraza asubuhi ni afadhali sana, anza hapo kama huna taa kabisa. Lakini ukitaka kulitawala jiwe ingia ndani, funga mapazia, uwe na taa zako mbili, balbu za LED za kuchaji zile tunazotumia umeme ukikatika zinafaa kabisa. Zote mbili ziwe za rangi moja, usichanganye nyeupe na ya njano, na mwanga wa dirishani usiingie, la sivyo kwatzi upande mmoja itakuwa bluu na mwingine itakuwa chungwa na hakuna programu itakayoirekebisha vizuri. Zichaji zijae kwanza, taa inayofifia katikati ya kazi inakuharibia picha 30.

Kati ya taa na jiwe weka kitu cheupe cha kutawanya mwanga. Mimi natumia kikopo cha yogati, kile cheupe cha plastiki, nakata matako yake nabaki na bomba, nalifunika jiwe nalo, lenzi inaangalia ndani kutoka juu, taa zinapiga kutoka nje. Mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu ukatobolewa tundu unafanya kazi hiyo hiyo kwa chembe ndogo. Karatasi ya kutresi ya wanafunzi wa uchoraji pia. Muhimu ni hicho cheupe kiwe karibu sana na jiwe, karibu kuligusa, manake kwa jiwe la milimita 5 kikopo kilicho sentimita 2 ni anga zima, lakini ukikisogeza mbali futi moja kinarudi kuwa doa, unarudi kwenye shida ya jua la saa sita.

Ukishafanya hivo jiwe litakuwa laini, hakuna doa, lakini pia litakuwa bapa, limelala. Wengi wanaishia hapa. Hatua inayofuata ndo inaleta uhai. Zima taa moja. Ile iliyobaki izungushe polepole kuzunguka kikopo, jicho liko kwenye skrini, mkono uko kwenye taa, na uangalie uso mmoja mkubwa wa jiwe. Kuna mahali utawaka wote kwa pamoja kama kioo cha gari kikipata jua, ukisogeza kidole kimoja tu unazima. Simama pale unapowaka, alafu rudi nyuma kidogo sana, uwake bila kuungua, uone mistari ya ukuaji juu yake, pembetatu ndogo ndogo, mikwaruzo, yote inatokea hapo. Kisha washa taa ya pili kwa nguvu ndogo au kwa mbali, ijaze vivuli tu. Kama taa haisogei vizuri, geuza jiwe lenyewe, digrii 2 au 3 kwa wakati mmoja. Mimi hatua hii peke yake inaweza kunichukua nusu saa na sioni kama nimepoteza muda.

Kila jiwe na tabia yake. Mawe yanayong'aa kama chuma, mfano piraiti na kalkopairaiti, vinaonyesha tu kile kilichovizunguka, ukizungushia nyeupe tupu vinakuwa vyeupe havina sura, kwa hiyo bandika vipande vidogo vya karatasi nyeusi ndani ya kikopo, vile vinajitokeza kwenye nyuso za jiwe na pembe zinachomoza. Kwatzi na kalsiti angavu, jaribu taa kutoka nyuma au chini, weka jiwe juu ya kipande cha kioo, taa chini yake na karatasi nyeupe katikati, utaona ndani kuna mapovu ya maji na nyufa zenye rangi za upinde wa mvua. Kwa ngozi ya jiwe, mfano maram ya barabarani yenye vidonge vya chuma vya kahawia, laza taa chini kabisa ikwaruze uso kutoka pembeni. Ulanga unataka taa moja tu kali, ndogo, kwa pembe moja.

Na kama unafahamiana na mtu wa mobail mani, muombe akuazime ile taa ya zambarau ya kukagua noti. Zima taa zote, imulike kwenye mawe yako moja moja. Baadhi ya kalsiti zinawaka pinki au chungwa, nyingine hazifanyi kitu, huwezi kujua mpaka ujaribu. Usiiangalie taa yenyewe kwa macho.

Nyuma ya jiwe weka kitu kisicho na makelele, mimi nachukua kitambaa cha mahameli nyeusi kwa mawe ya rangi na karatasi ya kijivu kwa mawe meusi. Magnetaiti juu ya nyeusi inapotea.

Bolti ya Katwe

Sasa tatizo kubwa la makro. Ukikaribia hivi, sehemu iliyo kali kwenye picha ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa kamera ya sensa ya milimita 22, ukikuza 1:1 kwa f/8, kina kilicho kali ni kama milimita 0.6. Ukikuza mara 2 inabaki kama 0.25. Mtu anasema basi nafunga tundu mpaka f/22, hapana, ukifika huko mwanga unajipinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika, na kwenye makro inakuwa mbaya zaidi kwa sababu f/22 ukikuza 1:1 inafanya kazi kama f/44. Kaa f/5.6 mpaka f/8.

Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kila moja fokasi imesogea kidogo, alafu programu inachukua sehemu kali ya kila moja inaunganisha picha moja. Shida ni kusogeza kitu robo ya milimita kwa mkono. Kuna reli za kununua, zinatoka nje na bei yake sio ya mchezo. Mimi nilipanda taxi nikaenda Katwe ya Kampala, kwa wale mafundi wa vyuma, nikamchorea fundi kwenye boksi ninachotaka: reli moja ya droo ya mezani, imelazwa juu ya ubao, na mwisho wake bolti ya M6 inayosukuma. Kwa nini M6, kwa sababu meno ya bolti ya kawaida ya M6 yako milimita 1 kutoka jino hadi jino, ukiizungusha mzunguko mmoja mzima inakwenda milimita 1 kamili, robo mzunguko ni 0.25. Kichwani nikagundisha kifuniko cha chupa ya jemu, nikakichora mistari 8 pembeni, kila mstari ni 0.125. Upande wa pili nikafunga mpira wa tyubu ya baiskeli unaovuta reli irudi kwenye bolti muda wote, bila huo mpira reli inacheza. Fundi alimaliza tukiwa bado tunanywa chai. Jiwe linakaa juu ya reli, kamera haisogei.

Zungusha upande mmoja tu, usirudi nyuma katikati ya kazi, ukirudi kuna kauwazi kwenye meno na hesabu inapotea.

Mpangilio ni huu. Kamera iwe manuali kila kitu, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, tundu f/5.6 au f/8, spidi ya shata iwe yoyote ile inayotoa mwanga sawa, hata sekunde nzima haina shida kwa sababu jiwe halikimbii, tena spidi ndefu inasaidia manake balbu nyingi za LED zinapepesa na ukipiga haraka unapata mistari. Usipandishe ISO kwa uvivu, utajaza chenga, zile punje punje kwenye picha. Mpangilio wa rangi nyeupe (white balance) uweke mmoja usibadilike. Taima sekunde 2, na kama kamera yako inaruhusu kile kioo cha ndani kinyanyuke kwanza, weka hivo. Anzia pale sehemu ya jiwe iliyo karibu zaidi na lenzi inapoanza kuwa kali, rudi hatua moja kabla yake, alafu endelea mpaka upite ile ya mwisho nyuma. Kila hatua iwe ndogo kuliko kina chako, theluthi mbili hivi, ili picha zipandane. Mfano jiwe lina kina cha milimita 8 na kina cha fokasi ni 0.6, sogeza 0.4, ni picha kama 20. Mara 2 kwa jiwe hilohilo, zaidi ya 40. Zungusha, vuta pumzi mbili mtikisiko uishe, piga, zungusha.

Kuunganisha, kama huna pesa Picolay ni ya bure na inakwenda kwenye laptopu dhaifu, CombineZP nayo ni ya bure japo ya zamani. Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia, wenye kazi nyingi wanazipenda. Kwa simu unafanya vilevile, picha unazihamishia kwenye laptopu. Kuwa makini na sehemu ambapo pembe ya mbele inapita mbele ya kitu kilicho mbali nyuma, hapo programu inaacha kivuli cheupe kama moshi, rudi ukafute kwa mkono kutoka kwenye picha moja moja, au safari nyingine geuza jiwe hiyo pembe isipishane. Rangi usizipandishe. Malakaiti ya Kilembe ina kijani chake, ukiongeza mtu anayeijua atakuona, na mtu asiyeijua umemdanganya.

Kila picha iandike: jiwe gani kama unajua, limetoka wapi mpaka kijiji, tarehe, upana wa picha kwa milimita, picha ngapi zimeunganishwa. Upana ni ile namba uliyoibandika ukutani. Bila upana mtu hawezi kujua kama anaangalia jabali au punje. Na jiwe lenyewe litunze kwenye kiboksi chake na kikaratasi chenye namba ileile ya picha, manake baada ya miezi 6 utakuwa na kokoto 40 na hutakumbuka ipi ilitoka wapi, na jiwe lisilojulikana lilikotoka linapoteza nusu ya maana yake.

Chumvi ya Katwe

Nimesema ntairudia. Hii ndo ningependa kila mtu aanze nayo, kwa sababu ni rahisi kuipata na inafundisha taa kuliko jiwe lolote. Ziwa Katwe kule Kasese ni la volkano, liko ndani ya shimo, maji yanaingia hayatoki, jua linayakausha, na watu wanavuna chumvi kwenye vile vidimbwi vyao na kwenye sakafu ya ziwa. Ile ya mabonge wanayopewa ng'ombe ndo unaitaka, sio ile ya kusagwa. Livunje bonge taratibu, ndani ya mianya utakuta vimiche vidogo vya milimita 2 au 3, ukikuza utaona ni maboksi ya mraba, na vingi uso wake umeingia ndani ngazi kwa ngazi kama machimbo, kwa sababu chumvi ilikua haraka, kingo zikatangulia katikati ikabaki nyuma. Rangi yake sio nyeupe tupu, kuna kijivu, kuna pinki. Kati yake kuna vitu vingine vilivyolala kama sindano na magamba, ziwa lile lina trona na wenzake, sio chumvi ya mezani peke yake.

Taa moja kutoka kushoto chini, kikopo cha yogati, kitambaa cheusi nyuma. Zungusha taa mpaka ngazi zote za upande mmoja ziwake na za upande wa pili ziwe giza. Picha 25 kwa hatua za 0.125. Nilipoifanya hivo mara ya kwanza, na bolti ya Katwe ya Kampala ikisukuma chumvi ya Katwe ya Kasese, nilihesabu ngazi 11 kwenye kimche ambacho ukikidondosha kwenye kapeti hukioni tena.

Ila fanya kazi siku kavu. Hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu chumvi inaanza kuvuta maji, inatoka jasho, kingo zinang'aa vibaya na ngazi zinaanza kuyeyuka mbele ya lenzi, na mkono wako na pumzi yako vinaongeza. Ishike kwa kibano. Ukimaliza irudishe ndani ya kikopo kinachofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, au mchele uliokaangwa kidogo ukapoa. Masika yakianza na hujamaliza, usilazimishe, funga kikopo vizuri upige magnetaiti, mifereji ya Tororo itakuwa imeshakuletea nyingine.